Mtani Hakasirikiwi

9 Septemba, Masasi
Nesi wa hospitali ya Mkomaindo amenipima presha mara mbili, akanitazama, akapima tena kwa mkono mwingine. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomweleza hakuelewa, ila alisema nipunguze hasira, na kama kupunguza siwezi basi niziandike, maana kalamu haipandishi presha. Ndiyo naandika. Asifikiri nimepoa.

Kazi yenyewe ni hii. Umoja wetu wa maji unasukuma maji kutoka bondeni mpaka vijiji vya juu kule Newala. Pampu na koki za vituo zinaamriwa kwa simu: ukibonyeza huku Masasi, koki inafunguka kule. Mtambo wote unaendeshwa kwenye seva za kukodi zilizoko nchi za watu, huko wanakoita mawinguni. Mimi ndiye ninayepanga nani aingie humo na akishaingia aruhusiwe kugusa nini. Nilirudi nyumbani kutoka Dodoma kwa ajili ya kazi hii, na leo nimejuta.

Nimegundua ofisi nzima inaingia kwa akaunti moja, ya meneja, yenye uwezo wa kufungua na kufunga kila kitu. Mhasibu anaingia nayo, dereva anaingia nayo, mwanafunzi wa mazoezi aliyeondoka mwaka juzi bado anaingia nayo akiwa kwao Lindi. Meneja anaitwa Ambrosi, lakini hapa hakuna anayemwita hivyo. Ni Baba Grace, kama mimi nilivyo Mama Khalidi. Na neno la siri ni Grace na mwaka aliozaliwa. Yaani kila anayemsalimia asubuhi anamtajia neno lake la siri, naye anaitikia marahaba.

10 Septemba
Nimekagua na wengine. Mama Yuster ametumia Yuster. Mhasibu hana mtoto, ametumia jina la mjomba wake. Nimekunywa maji, nimekaa nje, nimerudi. Hasira iko palepale.

17 Septemba
Leo kikao. Nimetangaza kwamba akaunti ya pamoja imekufa na nimeizika. Kila mtu ana yake, na kila akaunti inagusa kazi ya mwenyewe tu: fundi pampu, mhasibu malipo, msimamizi wa kituo koki ya kituo chake na si nyingine. Baba Grace anaona yote lakini hagusi. Ya juu kabisa, inayogawa ruhusa, ninayo mimi.

Baba Grace alisema sisi hapa ni familia. Amesomeshwa na misheni Lulindi, akisema familia unasikia kengele ya kanisa. Aliuliza, mtu mzima unayemwamkia shikamoo akikuomba paswedi unamnyimaje? Nikajibu kwamba unamnyima kwa adabu. Nikasema kitakachofanyika kwenye akaunti ya mtu ataulizwa mwenye akaunti, hata awe nani. Waliandika. Nilifurahi kuwaona wanaandika.

Aliyenitetea ni Husseni peke yake, fundi wetu wa pampu. Husseni ni Mmakonde wa Newala, mimi Myao wa Masasi, kwa hiyo ni mtani wangu; hatujawahi kusalimiana kama watu. Akinikuta asubuhi huuliza mbona bado niko hai wakati yeye ameshanunua sanda. Alisema mbele ya kikao, "Huyu Myao ni mchoyo tangu tumboni kwa mama yake. Funguo mpeni yeye, hazitapotea."

28 Septemba
Joto. Husseni amesahau neno lake la siri kwa mara nyingine. Nimemwambia akalitafute kwenye tumbo la panya aliyemla jana; mla panya ndilo tusi letu Wayao kwa Wamakonde.

4 Oktoba, Nambwinde
Nimepanda huku juu kumfundisha msimamizi wa kituo, Helena, Mama Trevor. Mwanamke wa makamo, mzee wa kanisa, mkavu kama kuni, mzaha hana. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kazi inaanza saa ngapi.

Foleni ya ndoo ilikuwa imefika kwenye mikorosho. Mvua iko mbali, visima vya kuvuna maji vya majumbani vimebaki tope, na kama kituo hakitoi, watu wanateremka genge, ukingo mkali wa mlima, mpaka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mama Trevor anafungua kwa zamu na hamruki mtu. Mwenyekiti wa kijiji alituma ndoo yake ipite mbele. Ndoo ikarudi nyuma.

Alipokuwa anachagua neno la siri alimgeuzia mgongo hata mwanawe. Nimempenda. Nimeshuka Masasi nikiimba, jambo ambalo dereva amelitangaza ofisini.

15 Oktoba
Vumbi. Hakuna jambo.

21 Oktoba
Jambo limekuja. Baba Grace ameniita, akafunga mlango, akaniagizia soda. Anataka akaunti ya juu, "kwa muda tu". Nilimuuliza ya nini. Alizunguka wee, mwishowe akasema mpwa wake amejenga gesti Newala mjini, iko mwisho wa bomba lilelile linalopita Nambwinde, na Nambwinde wakifungua, tangi la gesti halijai. Wageni wa minada ya korosho wameanza kuja. Mpwa kwa mjomba wake ni mtoto, kwetu sote huku hilo halina mjadala, sasa mjomba atamwambia nini mtoto?

Nikasema amwambie apange foleni. Akasema nina dharau. Nikasema soda yako hii hapa, sijaifungua.

30 Oktoba
Baba Grace hanisalimii. Ofisi imekuwa na amani.

8 Novemba
Bibi amefariki alfajiri. Mama wa mama yangu, aliyenilea. Siandiki kitu.

10 Novemba
Naweza kuandika kidogo.

Watani walikuja kama inavyotakiwa. Jeneza likiwa bado ndani, Husseni alijitupa kizingitini, akasema maiti haipiti mpaka ilipe deni la kumwita mla panya kwa miaka yote ile. Akajifunga kanga ya Bibi, akatembea kwa kiuno cha Bibi kile kile kibovu, akakohoa kikohozi chake. Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Ndiyo kazi ya mtani: anacheza na kifo ili nyie wengine msizame nacho.

Kisha akapita mkekani kwetu, akachukua simu yangu mapajani, akaiinua juu. "Nimeteka. Myao akiitaka alete jogoo." Wanawake wakashangilia. Hiyo ndiyo mila, kitu cha mfiwa kinatekwa na kinakombolewa, na kukasirika ni mwiko. Nami nilicheka, siku nzima ndiyo mara moja niliyocheka. Simu nilirudishiwa wanaume walipotoka kuzika. Jogoo wake alimpata.

16 Novemba
Nimerudi kazini leo, nimekaa, nimeandika neno langu la siri. Limekataliwa. Nimeandika tena taratibu. Limekataliwa.

Ninayo njia nyingine ya kurudi ndani, niliyoiweka siku ya kwanza na sikumwambia mtu, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshika usukani tena. Humo ndani nilikuta kwamba siku ya mazishi, mimi, Shamila, nimebadilisha neno langu la siri. Mimi, Shamila, siku hiyohiyo nimefunga koki ya Nambwinde. Kesho yake mimi, Shamila, nimefuta ruhusa ya Mama Trevor, kwa sababu alikuwa amefungua koki kila ilipofungwa. Kila kitu kwa jina langu, na mimi nilikuwa nimekalia mkeka nikipokea pole.

Nimefungua Nambwinde papo hapo. Nimemrudishia ruhusa. Kisha nikampigia.

Aliitikia shikamoo yangu, akanipa pole ya msiba kwanza, kwa utaratibu wake, bila kuacha neno. Ndipo akanisimulia. Maji yalikatika, simu yake ikamwambia hana ruhusa. Kijiji kilisikia kwamba gesti ya mjini maji yanamwagika hadi barabarani, wakaamua kwamba Mama Trevor ameuza maji yao. Wamemnyang'anya ufunguo wa kibanda cha kituo. Kanisani ameachiwa benchi zima akae peke yake. Na Agatha, mke wa jirani yake, mjamzito, ameteleza gengeni na ndoo na kuvunjika mkono. Mtoto yuko salama. Agatha ndiye pekee ambaye hajamtukana, na yeye anasema afadhali angemtukana.

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia siku zote hizo.

"Nilisikia umefiwa," alisema. "Mfiwa hapelekewi mashtaka. Nikasema nitangoja mwenzangu amalize kulia, nimuulize nimemkosea nini."

Alikuwa anaamini ni mimi. Juma zima alikuwa anaamini ni mimi, na alinyamaza kwa heshima. Nimeingia chooni, nimepiga ukuta kwa ngumi. Vidole vimevimba na ninaandika hivihivi.

18 Novemba
Sikuhitaji kutafuta sana. Akaunti ukiisahau neno la siri, mtambo unatuma namba kwenye simu ya mwenye akaunti. Mwenye namba ndiye mwenye mali. Na simu yangu, hata ikiwa imefungwa, ujumbe ukiingia unaonekana kiooni. Mimi ninayewahubiria wenzangu! Hilo ni langu na silikwepi. Lakini simu ilikuwa mkononi mwa nani?

Nilimkuta Husseni kwenye karakana, ameshika spana. Akaanza na sanda yake. Nikamwambia leo hapana. Nilimuuliza kama alimsomea mtu namba kutoka kwenye simu yangu.

Hakuficha. Alisema Baba Grace alimpigia pale pale msibani, akasema kuna namba itaingia, amsomee, ni mambo ya kazi, mfiwa asisumbuliwe. Akamsomea.

"Hukujiuliza?"

"Mkubwa wangu wa kazi ananiambia nisome namba, nimwambie hapana? Msibani?" Kisha akacheka, akijaribu kunivuta. "We Myao vipi, kwani jogoo ulimtaka? Mtani hakasirikiwi."

Nikamwambia nimekasirika. Alicheka tena kidogo, akangoja nami nicheke, na nilipobaki vilevile aliweka spana chini. Nadhani hakuwahi kumwona mtu amemkasirikia mtani wake. Na mimi sikuwahi kujiona.

Nikaenda kwa Baba Grace. Huyo hakukana wala hakukubali. Alifungua daftari lake la vikao, akanisomea maneno yangu: kitakachofanyika kwenye akaunti ya mtu ataulizwa mwenye akaunti, hata awe nani. "Ulituambia mwenyewe, Mama Khalidi. Sasa kwenye mtambo jina ni la nani?" Halafu akaonyesha huruma. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji Nambwinde. Niende, niseme ni mtandao. Mtandao ulisumbua, seva ziko mbali, tumesharekebisha. Mtandao hauna ndugu, hakuna atakayeumia.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini hilo lilinichoma kuliko mengine. Ni kwamba angeweza kufanikiwa. Nchi nzima inasema mtandao na nchi nzima inarudi nyumbani.

19 Novemba
Mama amesikia, Masasi hii nani asisikie. Alinikalisha kitako. Alisema kilichotekwa msibani kinaishia msibani, na ukimshtaki mtani kwa alichochukua mbele ya maiti umeutia nuksi msiba wa Bibi yako. Baba yake Husseni ndiye aliyemcheza babu yangu kaburini. Je, Mama mwenyewe akifa, atachezwa na nani?

Nikasema Mama, kuna mwanamke anaitwa mwizi huko juu. Akasema huyo Mungu wake anamjua. Nikasema ndiyo, lakini majirani zake hawamjui. Mama akainuka kuangalia chungu ambacho hakikuwa jikoni.

Simkasirikii Mama. Uongo, namkasirikia. Nawakasirikia wote: Mama, meneja na gesti ya mpwa wake, Bibi kwa kufa Novemba badala ya masika, na Husseni zaidi ya wote, kwa kuwa yeye sitaki kumkasirikia.

23 Novemba, Nambwinde
Tumepanda na Husseni kwa pikipiki ya ofisi, maana valvu ya tangi ilikuwa inamhitaji. Njia nzima hakutukana. Tulipofika juu aliniuliza, bila kugeuka, nitasema nini. Nikasema sijui. Nilikuwa najua.

Watu walikuwa wengi. Mama Trevor alisimama pembeni ya kibanda, nguo yake ya kanisani imepigwa pasi, mikono mbele. Mwenyekiti akanikaribisha nieleze. Mtu wa nyuma akasema kabla sijafungua mdomo, "Atasema mtandao." Wakacheka vibaya.

Nikasema si mtandao. Nikasema mtambo wetu una milango, na kila mmoja ana ufunguo wa mlango wake. Ufunguo wa Mama Trevor unafungua koki hii hapa na basi. Hauwezi kupeleka hata kikombe kimoja cha maji mjini, hata akitaka. Maji yenu yalifungwa kwa ufunguo wangu mimi. Nilienda nao msibani kwenye simu, nikauacha uchukuliwe. Hilo ni kosa langu, na Agatha na mkono wake nimewaomba radhi nyumbani kwao kabla ya kuja hapa.

Wangeweza kuniacha hapo. Mzee mmoja akauliza, "Ulichukuliwa na nani?"

Husseni alikuwa amesimama kwenye ngazi ya tangi. Watu hawa ni watu wake. Kuna shangazi zake mle. Nilimtazama, na Mungu anisamehe, nilingoja aseme mwenyewe. Aliangalia valvu.

Nikasema, "Alichukua mtani wangu Husseni, kwa mila, mbele ya watu. Namba alisoma yeye. Aliyeomba namba ni meneja wetu Ambrosi, kwa ajili ya gesti ya mpwa wake. Mama Trevor alichofanya ni kuwafungulia nyie maji mpaka aliponyang'anywa uwezo."

Hapakuwa na kelele niliyoitegemea. Shangazi yake mmoja alijifunika mdomo kwa kanga. Kumtaja mtani kwa jina kwenye mashtaka, huyu mwanamke ametoka wapi? Kisha mwenyekiti akautoa ufunguo wa kibanda mfukoni, akampa Mama Trevor kwa mikono miwili. Akaupokea, akafungua kibanda, akauliza wa kwanza kwenye foleni ni nani. Wao hawakujua waangalie wapi.

Husseni alishuka ngazi akanipita. "Umenitaja," alisema.

"Nimekutaja."

Akapanda pikipiki akaenda zake. Nalala kwa Mama Trevor, kesho nateremka na basi.

29 Novemba
Kamati imekaa. Baba Grace amepewa onyo. Mimi pia nimepewa onyo, la ukali uleule. Yeye anabaki meneja. Husseni ameomba kituo cha Tandahimba, amekubaliwa siku hiyohiyo. Kumbe mambo huwa yanaweza kwenda haraka. Nimebana ulinzi upya kiasi kwamba hata nikifa, nani ataingia ni shida. Presha sijaenda kupima.

2 Desemba
Mvua. Kubwa, ya kwanza, usiku kucha juu ya mabati. Huko juu kila nyumba imetega ndoo chini ya paa. Kituo cha Nambwinde leo hakikufunguliwa na mtu, kwa sababu hakuna aliyekuja. Nimesoma hilo kwenye mtambo nikataka kuitupa kompyuta nje, kwenye maji hayohayo.

18 Desemba
Arobaini ya Bibi. Mama alipika tangu alfajiri, akatenga sinia la watani, akalifunika kwa kawa na kuliweka mahali pake. Kisomo kikaisha. Hakutokea mtani hata mmoja, si wa ukoo wa Husseni wala wa jirani. Watu wakala kimya, macho kwenye sahani, na kila mmoja alijua kimya kile ni cha nani. Mama hakunilaumu. Alikuwa anasogeza lile sinia kidogo, mara kushoto, mara kulia. Nilikaa na hasira yangu na safari hii sikupata pa kuiweka, maana ingerudi ile Jumamosi ningesema maneno yaleyale.

Ndipo mlangoni akasimama Mama Trevor. Amekuja na basi la Newala, kitenge cha akina mama wa kanisa, matope hadi magotini. Akavua viatu, akavipanga. Akasafisha koo, kama wanavyofanya kabla ya kusoma somo.

"Nimesikia kuna kibibi cha Kiyao kimekufa humu," alisema. "Mimi Mmakonde nimetoka mbali kuhakikisha kama kimekufa kweli. Kilikuwa kichoyo. Kilikuwa na kiuno kibaya. Na wali wenyewe naona mmeupika kwa majonzi, hauna chumvi."

Hakuwahi kumwona Bibi hata siku moja, na mzaha hajawahi kuufanya maishani mwake. Ilionekana wazi alikuwa akiukariri tangu Newala. Akaenda moja kwa moja kwenye sinia, akafunua kawa, akachungulia. "Panya wako wapi? Mtani anapewaje chakula hakina panya?"

Mama ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akashika ukuta, na kicheko kikageuka kilio, na nyumba nzima ikamfuata, kwa mara ya kwanza tangu mazishi watu wakalia vizuri.

Baadaye alinifuata uani nilipokuwa naoshea vyombo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali amekosea. Nikamwambia panya ni tusi letu sisi kwenu, si lenu kwetu, amejitukana mwenyewe. Akafikiri kidogo. Akasema basi atarekebisha, akajifuta mikono, akarudi ndani kuanza upya.